Bitana ya Koti la Mwalimu Kioko

Kuna harufu ambayo watoto wa siku hizi hawataijua: harufu ya vumbi linaloungua polepole mgongoni mwa kompyuta nene ya zamani. Si moshi, wala si mpira. Ni kama mtu amepiga pasi pazia ambalo halijafuliwa tangu Krismasi. Niliisikia tena majuzi, Uthiru, nilipofungua sanduku la bati katika kibanda cha kushonea cha marehemu mama yangu. Nilikuwa nimekwenda kukifunga kibanda, kuwagawia mafundi wenzake nguo na nyuzi zilizobaki, na kuamua cherehani imwendee nani. Juu kabisa ya sanduku kulikuwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa umbo la boksi, chenye lesi pembeni. Nilikipeleka puani kabla sijafikiri, na mara nikawa kidato cha pili tena, nimekaa kwenye stuli mbele ya skrini, nikiamini kwamba nimepata mahali pangu duniani.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, juu kidogo ya barabara kuu ya Waiyaki Way isiyokauka magari, na kompyuta zake zilikuwa za mitumba kama sweta zetu. Ofisi fulani ya Upper Hill ilikuwa imenunua mpya, ikatukumbuka sisi kwa zile kuukuu. Zilifika zikiwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, herufi nyingine zimefutika kwenye kibodi, lakini kwetu zilikuwa wageni wa heshima. Na nani humwacha mgeni wa heshima bila kitambaa? Katika nyumba zetu kila kitu cha thamani kilivaa: makochi yalivaa, redio ilivaa, televisheni ilivaa kuliko mtoto wa mwisho. Kwa hiyo shule ilipouliza kama kuna mzazi anayeweza kuzishonea vifuniko, mama alijitolea. Alikuja na futi yake shingoni, akazipima moja moja huku akizisemesha kama wateja. "Huyu ana mabega," aliiambia moja. "Huyu naye tumbo." Wiki iliyofuata zote zilikuwa zimevaa nyeupe kama watoto wa komunio.

Shida ni kwamba hatukuzivua. Lesi ilipendeza sana ikimulikwa na skrini, kwa hiyo tuliziwasha zikiwa zimevaa, na matundu yao ya kupumulia yakawa yameziba kabisa. Ndiyo asili ya ile harufu. Hata mwalimu wa fizikia aliyekuwa akituangalia wakati huo aliisikia, akasema ndivyo kompyuta zinavyonuka.

Kisha akaja Mwalimu Kioko. Alikuwa ametoka chuo kikuu moja kwa moja, hajawahi kufundisha hata kuku, na alikuwa na koti moja la kahawia ambalo bitana yake ilikuwa imechanika kwapani. Kila alipoinua mkono kuandika ubaoni, bitana ilichungulia kama ulimi. Alisimama mlangoni, akanusa, akatazama zile kompyuta.

"Nani amewafunika hawa blanketi na wana homa?"

Nikainua mkono. "Ni mama, Mwalimu. Mama ndiye alishona."

Darasa lilicheka hadi stuli zikalia. Kuanzia siku ile jina langu la Njeri likaisha, nikawa Kitambaa. Hata leo nikikutana na mtu Adams Arcade akaniita Kitambaa, najua tulisoma wapi. Lakini Mwalimu Kioko aliniita mbele akasema, "Mwambie mama ameshona vizuri sana. Na wewe utakuwa unawavua asubuhi na kuwavisha jioni." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza yenye mamlaka. Nilifika shuleni mapema kuliko mlinzi, nikavua, nikakunja, nikapanga. Nilitembea korido kama mtu aliyebeba funguo za benki.

Somo lake la kwanza la kuandika programu lilikuja siku ambayo stima ilipotea na skrini zote zikazimika. Mwalimu mwingine angetuambia tusome kitabu. Yeye alisukuma madawati kando, akaacha njia pana katikati ya darasa.

"Hii ni Waiyaki Way," akasema. "Mimi ni mashine. Sina akili. Nafanya unachoniambia, hicho tu. Nivusheni."

"Vuka, Mwalimu," akasema Achieng, rafiki yangu wa dawati.

Akatembea moja kwa moja, dawati la upande wa pili likamgonga tumboni, akaanguka sakafuni na koti lake. "Nimegongwa," akasema akiwa chini. "Achieng ameniua. Mwingine."

Tulicheka, tukaanza kufikiri. Angalia kulia. Akaangalia kulia, akavuka, akagongwa kutoka kushoto. Angalia kushoto pia. Akaangalia, akaona gari, akavuka. "Hamkuniambia gari ni mbaya," akasema kutoka sakafuni. Nikainua mkono nikiwa na uhakika wa mtoto wa Uthiru aliyevuka barabara ile tangu darasa la kwanza.

"Mwalimu, ngoja mpaka magari yaishe, halafu vuka."

Akasimama ukingoni mwa madawati. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaendelea kuangalia. Tulingoja. Kengele ya mapumziko ikalia, yeye bado anageuza shingo. Watoto wa madarasa mengine wakaja kuchungulia dirishani.

"Mwalimu, twende chai," mtu akasema.

"Siwezi. Kitambaa ameniambia ningoje magari yaishe. Magari ya Waiyaki Way huisha?"

Hivyo ndivyo nilivyoelewa kitu ambacho baadaye watu walikilipia karo kubwa kukielewa: ukimwambia mtu angoje jambo lisilokwisha, umemfunga pale. Siku ile nilikosa chai na sikujali. Nilikuwa nimeandika programu mbovu na mwalimu hakunipiga, hakuniita mjinga. Alisema tu, "Kosa si dhambi. Mashine haikukasirikii. Inakuonyesha ulipokosea, halafu inakungoja." Kwa mtoto aliyelelewa na fimbo za hesabu, haya yalikuwa maneno ya injili. Na mwisho wa wiki ile ya kwanza alituahidi, mkono juu, bitana nje: "Mtu akianza na mimi, atamaliza na mimi." Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Ahadi za walimu wapya ni kama soksi za watoto. Huonekana ndogo tu, hadi uanze kutafuta moja iliyopotea.

Mwaka mzima tuliandika programu. Tulifundisha mashine kutoa chenji ya kondakta, kupanga majina ya wachezaji, kukataa umri wa mtu aliyesema ana miaka mia tatu. Mimi, ambaye leo siwezi kubadilisha neno la siri la barua pepe bila kumwita mpwa wangu, nilikuwa mtu wa kuitwa meza hadi meza. "Kitambaa, njoo uone kitu yangu imekataa." Nikaenda, nikainama, nikaona nukta-mkato iliyokosekana. Mwalimu Kioko alikuwa akikaa dirishani akitutazama, na nadhani alikuwa na furaha. Sidhani niliitunga ile furaha.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba silabasi ya kidato cha pili haikuwa na programu hata moja. Programu zilikuwa za kidato cha tatu. Kidato cha pili kilitaka tukariri sehemu za kompyuta, vizazi vya kompyuta, aina za printa, na sheria za kukaa wima unapochapa. Mwalimu Kioko alikuwa ameyaona hayo yote kuwa ya kuchosha, akayaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Ilikuwa kosa la mwalimu anayefundisha kwa mara ya kwanza: aliamini anachokipenda yeye ndicho tutakachoulizwa.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa pamoja, ule ambao shule kadhaa hutungiwa karatasi moja ili walimu wakuu wapate cha kuonyeshana. Nilifungua karatasi. Taja vizazi vya kompyuta na sifa za kila kimoja. Nikaandika kwamba kuna za zamani na za sasa. Eleza kazi za aina tofauti za printa. Nikaandika kwamba zote huchapa. Hakuna swali lililotaka kuvuka barabara.

"Uliandika nini kwa vizazi?" Achieng aliniuliza nje.

"Zamani na sasa."

"Wee. Mimi niliandika nyanya, mama na mtoto."

Tulicheka tukashika ukuta. Hatukuwa na wasiwasi, kwani kosa si dhambi.

Baada ya matokeo Mwalimu Kioko alibadilika. Alikaa kwenye kiti badala ya dirishani. Aliitwa ofisini na naibu wa mwalimu mkuu, Bi. Gathoni, mara kwa mara, akarudi akiwa ameshika chaki ambayo hakuiandikia kitu. Sisi wasichana wa safu ya mbele tulikaa kikao, tukafikia uamuzi wa kitaalamu: ameachwa na mpenzi.

"Angalia macho," Achieng alisema. "Hayo ni macho ya mtu ameachwa, bana. Hata anko wangu alikuwa hivyo."

"Halafu hali chakula," mwingine akaongeza. "Si umwambie mathako, mama fundi, amshonee hiyo koti, Kitambaa? Dame akimwona na koti poa atarudi."

Tulimwombea. Nasema kweli, tuliinamisha vichwa nyuma ya maabara tukamwombea arudiwe. Nikikumbuka maombi yale huwa naona haya kwa niaba ya Mungu.

Siku chache kabla ya kufunga shule alitupa kazi ya mwisho. Programu isome majina na alama, ipate wastani, kisha iseme nani anaendelea na nani anabaki. Alitugawia vipande, mmoja asome majina, mwingine ajumlishe. Mimi akanipa kipande cha katikati, pale mashine inapoamua.

"Mwalimu, mpaka uwe ngapi?"

Alitazama nje, upande wa barabara. "Weka hamsini."

"Kwa nini hamsini?"

"Ni mfano tu, Njeri."

Aliniita Njeri. Nilidhani ni heshima, kwamba nimekua.

Jumamosi ya mwisho ya likizo alikuja kibandani kwetu. Nilikuwa nimemwambia mama atamshonea koti. Alilivua, akabaki na shati, akaonekana mwembamba kama mwanafunzi. Mama aliingiza mkono kwapani mwa koti, akautoa kupitia mgongoni.

"Mwalimu, hapa hakuna cha kushona. Bitana yote inatoka. Nitakuwekea mpya."

"Mama Njeri, usijisumbue."

"Nani amesema ni usumbufu? Keti. Njeri, mpe mwalimu chai."

Alikunywa chai yetu, akala mandazi yetu. Mama alimuuliza kile ambacho kila mama humuuliza mwalimu. "Na huyu wangu, ataweza?"

Alikizungusha kikombe. "Huyu ana kichwa, mama. Sijaona mwingine kama yeye."

"Basi umshike, Mwalimu. Mimi za kompyuta sizijui. Najua kuzivalisha tu."

Akacheka kidogo. Mama akamwambia arudi Jumatano kuchukua koti. Alipoondoka, mama aliimba hadi jioni, na mimi nikarudia maneno yale kimoyomoyo kama mtu anayehesabu shanga. Sijaona mwingine kama yeye.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Sisi sasa tulikuwa kidato cha tatu. Nilivua kompyuta vitambaa, nikavipanga. Mwalimu Kioko aliingia katika shati lile lile, bila koti, na nikajisikia kwamba siri ya koti ni yangu na yake. Alitia disketi kwenye kompyuta ya mbele.

"Leo tujaribu programu yenu kwa majina ya kweli," akasema. "Njeri, njoo uiendeshe wewe."

Darasa zima lilisimama nyuma yangu. Nilibonyeza. Programu ilikimbia bila kukwama hata mara moja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na watu wakapiga makofi. Majina yakaanza kushuka. Jina, wastani, ENDELEA. Jina, wastani, ENDELEA. Kisha Achieng: BAKI. Akapiga kelele ya utani, "Aki Kitambaa umeniua kama Waiyaki Way!" Tukacheka. Likafuata langu. BAKI.

Niliangalia lile neno. Nilikuwa nimelichapa mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa sababu nilitaka lionekane vizuri.

"Mwalimu," nikasema, "kuna kosa."

Mwaka mzima, hilo ndilo neno alilolipenda. Ukisema kuna kosa, alikuja mbio, akavuta stuli, akakaa kando yako kana kwamba umemwitia karamu. Sasa alibaki pale pale mlangoni.

"Hakuna kosa," akasema.

"Niiendeshe tena?"

"Iendeshe."

Niliiendesha tena. Nilikuwa na imani kabisa kwamba itaniona na kujirekebisha. BAKI. Na hapo mlango ukafunguliwa nyuma yake, akaingia Bi. Gathoni pamoja na mwalimu wa kilimo, ambaye alikuwa amekuja na gambuti zake tayari.

"Wale wa kubaki, mtafanya kilimo," Bi. Gathoni alisema. "Kompyuta ni za wale watakaoiinua shule. Mashine ndiyo imechagua, kwa hivyo nisisikie mtu akilia ati amependelewa mwingine. Fuateni mwalimu."

Nilimtazama Mwalimu Kioko nikimngojea aseme. Aseme tu kwamba alama zile ni za mtihani uliouliza asichotufundisha, na kwamba waliofaulu walijisomea kitabu wenyewe. Aseme kwamba mtu akianza na yeye atamaliza na yeye. Aliinua mkono kama anayetaka kuandika ubaoni, akaushusha. Hapakuwa na bitana ya kuchungulia. Bitana ilikuwa kwetu, mama alikuwa akiishona.

Sijawahi kumlaumu kwa kufuata amri. Alikuwa kijana, kazi ni mpya, na Bi. Gathoni angeweza kumfanya ajute kuzaliwa. Angekuja akasema, "Njeri, nimeshindwa," ningelia, ningeshika jembe, ingeisha. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba alitafuta mtu wa kusema kwa niaba yake, akanichagua mimi. Alinikalisha mbele ya watu ili nijifukuze kwa kidole changu, kwa programu ambayo sehemu ya kuamua niliiandika mimi. Hadi leo, nikienda kwenye kaunta fulani Upper Hill na karani akanionyesha skrini akisema, "Si mimi, madam, ni sistimu imekataa," huwa natazama nyuma ya bega lake kama kuna mtu amesimama mlangoni bila koti.

Nyumbani nilimweleza mama nikiwa na tope la shamba la shule miguuni. Koti lilikuwa limening'inia kwenye msumari, bitana ya zamani imeshatolewa, mpya bado. Nikashika mkasi wa kukatia.

"Lirarue, Mama. Ama unipe nilirarue mimi."

"Weka mkasi chini."

"Alikunywa chai yetu."

"Nilimwona akinywa. Weka mkasi chini, uende uoshe miguu."

Kesho yake mama alikuja shuleni. Tulikuwa shambani, tukapanda juu ya mawe ya mpaka kuchungulia dirishani. Aliingia maabara katikati ya somo na kikapu chake, akamsalimu mwalimu kwa adabu, akaanza kukusanya vile vitambaa. Vingine vilikuwa vimekunjwa vibaya, kwani aliyezoea kuvikunja hakuwepo.

"Mama Njeri," tulimsikia Mwalimu Kioko akisema.

"Hivi nilishonea darasa la mtoto wangu," mama akajibu. "Mtoto wangu hayumo."

Akavipanga kikapuni, akamuaga, akatoka. Wale wa shambani tulimpigia makofi kwa majembe. Vitambaa, isipokuwa kimoja, vikaenda kuvalishwa makochi yetu, na kwa miaka wageni waliuliza kwa nini vina kona kama boksi.

Jumatano Mwalimu Kioko hakuja. Wala wiki iliyofuata. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta msumari uko mtupu na mama anafagia vipande vya nguo ya kahawia chini ya cherehani. Sikuuliza. Nilijua amelikata matambara. Mtoto anayejua jambo kwa hakika namna hiyo hahitaji kuambiwa, na mimi sikuambiwa. Mwaka ukaisha, Mwalimu Kioko akahamia shule nyingine, mimi nikapata alama nzuri za kilimo ambazo sijawahi kuzitumia. Lakini ile picha nilikua nayo. Nimeisimulia mezani kwa watu wengi: mama yangu, fundi wa Uthiru, aliyemkatakata mwalimu koti kwa ajili yangu. Watu hucheka, na hunipenda kidogo zaidi.

Sasa nirudi kwenye lile sanduku la bati. Kitambaa cha lesi kilikuwa juu, kimefunika kitu kilichokunjwa. Nilipokiinua nikaona kahawia. Nililitoa koti, nikalishika kwa mabega, likafunguka zima, kola yake na vifungo vyake vyote, na mfukoni kipande cha chaki. Vile vipande nilivyoona sakafuni vilikuwa mabaki ya viraka vya viwiko, ambavyo hakuna aliyemwomba mama aviweke. Alilimaliza koti la mtu yule, katika wiki ile ile niliyokuwa nikilala nikilia, akalifunika lisipate vumbi, akangoja aje kulichukua.

Niliketi kwenye kiti chake cha cherehani. Nilihisi nimefukuzwa maabara mara ya pili. Nikaligeuza ndani nje, nikalipeleka mlangoni penye mwanga. Nilikuwa natafuta uzi mmoja tu uliovutwa kwa hasira, mshono mmoja uliopinda, kitu chochote cha kunionyesha kwamba mkono wake ulikuwa upande wangu. Nilifuata bitana kuanzia kola, nikashuka mgongoni, nikaingia kwapani pale palipokuwa pamechanika, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikarudia tena kutoka mwanzo.

Hapakuwa na kosa.